Jemadari Aliyepewa Ufunguo

Mhariri alinipigia simu kutoka Dar nikiwa dukani kwangu Mfaranyaki, hapa Songea, nachapa barua ya mteja. Riwaya yangu kaipenda, alisema, ile ya milima inayohama na mfalme anayekula vivuli vya watu. Tatizo ni jemadari.

"Dada, huyu jemadari wa mfalme mwovu hana chanzo. Mtu hawi mbaya hivi hivi tu. Alifanywa nini utotoni?"

Hivi hivi tu! Nilicheka mpaka mteja akanigeukia.

Basi nikaandika alichotaka. Nikamchomea jemadari kijiji, nikamwulia wazazi, nikamtia kovu shavuni ili msomaji amhurumie. Kurasa kumi na mbili. Asubuhi yake nikazisoma, nikazichana. Zilikuwa uongo mtupu, na mimi jemadari namjua kuliko mhariri yeyote wa Dar. Hakuchomewa kitu yule. Alipewa ufunguo.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Udongo wa kaburi haujakauka, shangazi, dada yake mkubwa, akahamia kwetu na godoro lake. Eti kaja kumfariji mjane. Nyoo! Siku ya tatu alimnyang'anya mjane ufunguo wa ghala la mahindi, akaufunga uzi mweusi na kunivisha mimi shingoni.

"Wewe ndiye mwenye nyumba," aliniambia. "Umezaliwa humu. Mama yako tulimleta."

Tangu hapo mama akitaka mahindi ya kusaga anakuja kwangu. Mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni, anasimama mlangoni pa ghala na ungo mkononi: "Mwanangu, nifungulie." Nami nakwenda polepole, makusudi, natafuta ufunguo kifuani kana kwamba sijui uko wapi. Nilipenda. Sina namna nyingine ya kulisema hilo, nilipenda mno.

Shangazi hakutoa kitu bure. Kila jioni alinikalisha kitandani kwake: nani kaja leo, kakaa wapi, kala nini. Nikasema yote.

Sasa, katika ukoo wetu, mwanamume akifa, kiti chake kinageuziwa ukutani. Hakikaliwi mpaka wazee wakae, wamalize msiba, waseme nani atakikalia. Mama alilijua hilo. Lakini mama ni Myao wa Nalasi, kule Tunduru, na kwao mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye kauli juu ya mjane na watoto wake ni kaka wa mjane, mjomba. Kwetu Wangoni mtoto ni wa baba, na wa ukoo wa baba. Mama alikaa Songea miaka kumi na mitatu na jambo hilo halikumwingia akilini. Alidhani ndugu yake akija, mambo yatanyooka.

Ndugu huyo, mdogo wake, alikuwa kwenye machimbo ya vito. Habari za msiba zilimfikia wiki mbili baadaye. Akafika kwetu jioni, shangazi kaenda kwake kijijini kuvuna, siku mbili. Akaingia nyumbani kwa dada yake kama mwenyewe, akakigeuza kiti cha baba, akakaa, akala. Kwa mila za kwao hakukosea hata kidogo. Akaniita, akanijazia korosho viganjani.

"Mimi mjomba wako," akasema. "Wa kukuangalia sasa ni mimi."

Akalala sebuleni, na alfajiri akawahi basi.

Shangazi aliporudi hata mzigo hajatua, nikamwambia. "Kuna mwanamume kakaa kwenye kiti cha baba. Na kalala hapa."

"Mwanamume gani?"

Nilimwona anavyongoja. Alikuwa amelishika jibu lake tayari, anataka nilitie muhuri tu. Korosho zilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikasema, "Simjui."

Wazee wa ukoo walikaa siku ya kumaliza msiba. Shangazi akasimama akaeleza: mume hata hajapoa kaburini, mke kaingiza mwanamume, kamkalisha kwenye kiti cha marehemu. Wanawake wakaguna, "Mmh, jamani!" Mama akaapa. "Wallahi ni mdogo wangu, tumbo moja." Nani aliyewahi kumwona? Hakuna. Mahari ilipokewa na mjomba wao mzee, naye alishakufa. Machimboni simu haikushika.

Hapo mama akafanya kitu ambacho mpaka leo kinanitafuna. Alitabasamu. Akasema, "Mwulizeni mtoto. Korosho kampa kwa mkono wake mwenyewe."

Babu mdogo, mdogo wa babu yangu, akaniita katikati. Nikampa shikamoo.

"Mjukuu wangu, unamjua mtu huyo?"

Nilimtazama shangazi. Wala hakuwa ananiangalia, alikuwa anajifunga khanga vizuri. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenipiga hata kofi, si siku hiyo wala kabla yake.

"Simjui, babu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa hasa ndani ya nguo za mama. Hakulia. Kesho yake alipanda basi la Tunduru na mfuko mmoja. Mimi nikabaki, mali ya ukoo. Wiki hiyo hiyo shangazi akauvua ule ufunguo shingoni mwangu. "Wa nini tena?" akasema. Na mjomba alipokuja mwenyewe miezi kadhaa baadaye kujieleza mbele ya wazee, walimpa pole na maji ya kunywa. Chumba cha mama kilikuwa na mpangaji.

Mwezi uliopita niliandika upya kurasa za jemadari, nikampelekea mama huko Nalasi. Miaka yote namtembelea, tunaongea mvua, tunaongea mikorosho, hilo hatujawahi kuligusa. Nikamsomea. Nilikuwa nimelivika mapambo: ngome badala ya nyumba, kiti cha enzi badala ya kiti cha baba, mtoto na ufunguo wa dhahabu. Nikamweleza pia kuwa mhariri anataka kijiji kichomwe, wasomaji wapate kumhurumia jemadari. Mama alisikiliza mpaka mwisho, anabangua korosho.

"Huyo jemadari alitishwa?"

"Hapana, mama."

"Alimjua yule mtu?"

Ningeweza kusema alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Nimejiambia hivyo nusu ya maisha yangu.

"Alimjua."

Akapuliza maganda kwenye sinia.

"Basi andika hivyo hivyo. Kijiji usikichome. Watu wa kijijini wamekukosea nini?"