Nilivyopinga Baa ya Mzee Mutua

Afadhali niseme mwenyewe kabla watu wa Kwa Vonza hawajawaambia. Mimi ni mwalimu mgeni hapa, na kila Jumapili nikifua nguo nasikia nyimbo za kanisa upande wa baa ya Mzee Mutua. Kwa hivyo jana, alipoomba leseni mbele ya DO, mkuu wa tarafa, sikungoja kuulizwa. Nikasimama nikasema sheria haitaki pombe karibu na kanisa, afungiwe.

“Kanisa gani?” DO akauliza.

Nikamgeukia pasta wa hapa, aliyekuwa ameketi kati ya watu, anisaidie.

“Keti, mwalimu,” pasta akasema polepole. “Sisi huomba ndani ya hiyo baa. Mzee hutupatia nafasi bure mpaka tujenge kanisa letu.”

DO alicheka, akampa leseni. Nikashukuru Mungu kwamba yameisha.

“Jumapili ukuje mapema,” Mzee Mutua akaniambia. “Utasaidia kutoa kreti za bia.”