Sahani ya Pili ya Rehema

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, muuguzi wa kliniki ya watoto wenye uzito mkubwa alipomshusha binti yangu Rehema kwenye mzani na kusema uzito haujapungua hata kidogo. Nilikuwa baba kijana, nikiishi mtaa wa Mandewa pamoja na mke wangu na mama yangu mzazi. Rehema alikuwa na miaka kumi. Magoti yalimuuma, akipanda ngazi za shule alihema, na daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba ugonjwa wa sukari unamnyemelea.

Kliniki ile haikumtibu mtoto peke yake. Daktari, muuguzi, mtaalamu wa lishe na mwalimu wa michezo walikaa nasi kama timu moja, kila mmoja na kazi yake. Walitaka pia anayepakua chakula nyumbani awepo. Kwetu alikuwa mama yangu. Ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kukaangwa kwa mafuta ya alizeti. Rehema akimaliza, sahani ya pili ilikuwa imeshafika.

Sote tulilijua hilo, wala hakuna aliyelisema. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo tu, alimwamkia mama shikamoo kisha akazungumzia matunda. Mimi niliangalia sakafu. Mke wangu ndiyo kabisa, asingethubutu. Mama ni mkwe wake.

"Mjukuu wangu hanyimwi chakula," mama alisema kwa upole. "Watu watatuonaje?"

Daktari akaanza kukusanya karatasi zake. Hapo Rehema akamgeukia bibi yake.

"Bibi, nimekushtukia. Unaninenepesha ili ukikaa karibu yangu uonekane msichana."

"Hee! Mimi ni msichana tangu zamani. Kizee ni wewe unayelia magoti."

"Basi kizee hapewi sahani ya pili. Yananiuma kweli, bibi."

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Baadaye akamsogelea yule binti wa lishe, akakunja kiganja. "Nioneshe. Matonge ya kumtosha mtoto ni kiasi gani?"

Mambo hayakwenda haraka. Ilichukua miezi kabla mzani haujaonesha tofauti. Mama alipunguza mafuta, mwalimu alimkimbiza taratibu, mimi nikaacha kuleta soda. Siku moja Rehema alipanda ngazi zile za shule huku akiongea.

Mwanangu, ukiingia kwenye mpango wa namna hiyo, usitegemee wataalamu tu. Angalia nani nyumbani ana ruhusa ya kusema lipi. Kwetu mjukuu ni mtani wa bibi yake. Neno lile lingetoka kwangu lingekuwa utovu wa adabu. Sisi wakubwa tulimfanya Rehema mgonjwa wa kuzungumziwa, tukasahau kuwa naye yumo kwenye timu. Mtoto wako mpe kiti, na zamu ya kusema.

Mungu akujalie watoto wenye afya na ulimi wa kutania, na akuachie kwa miaka mingi wazee wa kutaniwa.