Upepo, jua ao essence: vile tulitafuta taa ya chumba ya kuzalia kule Buyenzi

Wakuu, salamu zenu.

Na we rafiki yangu unayesoma hii peke yako kwa simu, nakuongelea kama mutu tuliyekaa naye mukeka moja kwenye matanga. Nilikuwa pale. Sitaongeza chumvi.

Nimeona humu munabishana siku ya tatu sasa. Wengine wanasema umeme ya upepo ni rahisi juu upepo ni bure. Wengine wanasema jua. Wengine wanasema nunua groupe, ile mashine ya kutoa umeme, weka essence ya magari, lala.

Mi si injenia. Nilisoma kisomo ya jioni tu, nikiwa tayari muke wa mutu. Lakini hii swali ilinipitia mu mwili wangu mwenyewe.

Ilikuwa wakati ya vita, wakati ya blocus, inchi jirani zimefunga mipaka na vitu haviingii. Kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, umeme ilikuwa inakatika siku hata wiki, juu mu milima wapiganaji waliangusha nguzo zake. Jioni ni couvre-feu, apana kutoka. Mwanamuke akishikwa na uchungu saa hizo, hospitali haifiki. Anazalia mu kile chumba nyuma ya madrasa, kwa Shangazi Mariamu, mukunga wetu.

Shangazi alikuwa na lampe moja ya petroli, yale mafuta ya taa. Kuna jirani yetu alizaa pale, akaanza kutoka damu. Ile lampe haikuonyesha damu inatoka wapi. Mutoto alibaki. Mama apana.

Mi nilikuwa na mimba ya miezi sita, na nilijua nitalala kitanda ile ile.

Basi wamama tukachanga. Tulitoa kila kitu tuliyokuwa nayo, wengine bangili zao za arusi. Ilikuwa pesa ya mara moja, tukikosea hakuna ingine. Tukaipeleka kwa comité ya muskiti, mukubwa wao Hadji Nasoro, mufanyabiashara wa zamani.

Hapo ndipo kubishana ilianza.

Wazo ya groupe ilikufa mapema. Essence wakati ile ilikuwa inauzwa mu machupa njiani, imechanganywa na vitu Mungu anajua, na leo iko, kesho haiko.

Akasimama shemeji yangu Yahaya, mudogo ya bwana wangu, fundi wa magari. Yeye alitaka upepo. Atachukua dinamo ya lori, aweke mapanga ya mbao, asimamishe juu ya nguzo.

"Essence inatoka kwa watu," akasema. "Jua, zile plaque za kulaza juu ya bati zivute mwanga, inatoka Ulaya. Upepo inatoka kwa Mungu, na Mungu hana blocus!"

Wababa wakacheka, wakapiga makofi.

Hadji akamuuliza: "Na dinamo, Yahaya, inatoka kwa Mungu pia?"

"Dinamo inatoka kwa Hadji. Ile lori yako iliyokufa."

Nusu ya comité walikuwa tayari wamekubali. Kila mutu alisema Bujumbura iko na upepo nyingi, si muhisi wenyewe? Yahaya akasema alienda Kajaga, kule ziwani, kununua samaki, upepo karibu imuangushe na baiskeli.

Mi nilikuwa nawaza nguo zangu. Kila asubui naanika, na asubui hazikauki. Zinaning'inia tu kama zimechoka. Sasa hii upepo wanayosema iko wapi?

Nikafunga kitambaa juu ya mufimbo, nikaisimamisha kwa paa. Kila nikimaliza swala, natoka kuiangalia. Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa ametufundisha kuchora tableau, basi nikachora: swala tano kwa juu, siku kwa pembeni. Nikafanya hivyo wiki mbili.

Siku ya mukutano Shangazi Mariamu akasema: "Muache mama Zubeda aongee, yeye ndiye atazaa, si nyinyi." Ni mi huyo, Zubeda ni mutoto wangu wa kwanza.

Nikasoma. Alfajiri, kitambaa imelala. Adhuhuri, inatikisika kidogo. Alasiri, inasimama kama mukono ya polisi. Magharibi, imeshuka. Isha, imelala.

Nikawauliza: "Nyinyi wababa munakaa hapa baraza saa gani?"

Hadji akasema: "Kiisha alasiri."

"Basi ndiyo ile. Munakutana na upepo saa yake ya kutembea, munafikiri inakaa siku nzima."

Yahaya akaruka: "Shemeji! Unapima umeme na kitambaa ya kichwa?"

"Na we unapima na kanzu yako."

Hata Hadji alifunika mudomo, akificha kicheko.

Lakini wakuu, lazima niseme ukweli: Yahaya alikuwa na jibu, na jibu ilikuwa nzuri. Alisema si lazima upepo iwe pale saa ya kuzaa. Batterie itakunywa upepo ya alasiri, itairudisha kiisha. Tableau yangu haikuonyesha hiyo.

Hadji akamuamulia Yahaya: ujaribu wiki moja, na dinamo ya lori yangu na vitu vyako, bila kugusa pesa ya wamama. Ile hekima namushukuru mupaka leo.

Yahaya akasimamisha mashine yake. Mara ya kwanza chini chini, karibu na paa. Ikazunguka kivivu, juu manyumba yetu yamebanana na yanakata upepo. Dinamo ya lori inataka mbio sana, bila ile haitoi kitu. Taa iliwaka nyekundu, ikazima.

Akasema inataka urefu. Na ni kweli, upepo inataka urefu. Akaunganisha mabomba mawili, akaipandisha juu kuliko manyumba yote. Alasiri ile ikazunguka, wakuu, mpaka watoto wakapiga kelele! Batterie ikajaa kidogo. Nilifurahi, mi mwenyewe niliyemupinga.

Kesho yake wakaja askari.

"Hii antenne munaongea na nani?"

Yahaya akaeleza mapanga, dinamo, taa ya wazazi. Askari mukubwa akaangalia juu, akaangalia chini. Akasema: "Ishuke sasa hivi, ao we upande gari." Hadji akaja mbio, akaongea nao polepole na kuwaomba, wakaenda. Ile bomba ilishuka siku ileile na haikupanda tena.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambayo humu hamuiweki kwa hesabu. Upepo inataka urefu, na mu vita kila kitu kirefu ni kesi. Plaque inalala juu ya bati, hakuna anayeiona.

Sasa plaque itoke wapi? Hadji akakohoa. Akasema mu depo yake kule Zone Industrielle iko moja. Mwenye mali, mutu mwingine, aliagiza ya shamba lake, kiisha akakimbia inchi.

Yahaya akashika kichwa: "Kumbe dawa ilikuwa mu stock, ukatuacha tuumwe!"

"Ni amana," Hadji akajibu. "Nimemuandikia barua. Nilikuwa nangoja jibu."

Jibu ilikuja kwa mukono ya musafiri: wauzie wamama, na wapunguzie. Hata hivyo pesa yetu karibu yote iliisha, na batterie tukapata ya okazyoni, imekwisha kutumika na imechoka kidogo. Nani alifunga nyaya? Yahaya. Bila kuombwa.

Sasa musifikiri jua ilikuwa muujiza.

Uchungu ulinishika siku ya mvua. Siku tatu hatukuona jua. Shangazi akajaribu taa, ikawaka hafifu. Na inje, wakuu, ilikuwa upepo ya kungoa mabati! Yahaya, aliyenileta, akaita kwa dirisha: "Shangazi! Jua yenu imeenda wapi? Upepo iko hapa, bure!"

Nilicheka mu uchungu. Nilimutukana pia, Mungu anisamehe.

Shangazi akazima taa. Akawasha lampe ya petroli, akaniambia: "Hii ya umeme si ya kulilia, mwanangu. Ni ya kushona." Nikalia mu giza nusu nusu kama wamama wote wa kale.

Mutoto alipotoka tu, akawasha. Damu ilikuwa inashuka. Safari hii aliona inatoka wapi. Nilikuwa nimechanika. Akashona, nasikia sindano, namuona uso wake wote, jasho na macho. Hakuna aliyemushikia lampe. Alipokata uzi ya mwisho, akanyoosha mukono akazima mwenyewe, ile kidogo ya batterie ibakie kwa mama mwingine.

Nikasema alhamdulillahi.

Watu walitaka nimuite mutoto Nuru. Nilimuita Hadija, jina ya mama mukwe. Sasa anamaliza secondaire.

Funzo yangu ni hii. Sisemi upepo ni mubaya. Mutu wa Kajaga, karibu na ziwa, mu amani, anaweza kupata faida, na ile siku ya mvua ningekuwa na vyote viwili ningevitumia. Nasema pima pale utakapoweka, saa zote, na si wiki mbili kama mi, pima masika na kiangazi. Uliza nani atatengeneza ikiharibika. Pesa ya batterie iweke mbele, juu ukichagua upepo ao jua, ile haikwepeki. Na muulize atakayelala chini ya ile taa.

Wenye kujua zaidi mukuje munikosoe, nasoma yote, jibu zangu zinachelewa tu juu ya kazi za nyumba.

Na kama unajua mahali wanachanga pesa sasa hivi, iwe dispensaire, masomo ao muskiti, wapelekee hii waisome kabla hawajanunua. Usinitaje. Waambie tu kuna mama mumoja wa Buyenzi alishonwa akionekana.