Mpaka Aliouonyesha Paja

Jina lake halisi alilijua mkewe na karani wa daftari la wapiga kura, basi. Wengine wote walimwita Paja, kwa sababu paja la ng'ombe hakulitundika mbele ya bucha yake hata siku moja. Alilificha nyuma ya pazia kwa ajili ya wateja aliowapenda. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kukata mfupa kwa pigo moja. Shoka lake lilikuwa na pengo dogo katikati ya makali, na hakutaka kulinoa hadi pengo liishe, akidai kifaa kisicho na alama huibwa. Kwa hiyo kila mfupa uliotoka kwake ulikuwa na mstari mwembamba ulioinuka katikati ya mkato, na wapishi wa mtaa mzima waliujua.

Mdogo wake, kinyozi, aliishi na kufanya kazi ng'ambo ya mtaro wa maji machafu, hatua mia mbili kutoka buchani. Kila Jumamosi asubuhi Paja alivuka daraja la mbao kwenda kunyolewa ndevu, kisha kinyozi akamsindikiza hadi buchani akachukue nyama ya nyumbani. Miaka ishirini walifanya hivyo bila kuulizana bei.

Ndipo watu wa tume ya uchaguzi walipokuja na ramani. Jimbo limejaa watu, walisema, lazima ligawanywe mara mbili. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa kitandani anaumwa, wakaelekezwa kwa Paja kwa kuwa anajua watu wote.

"Mzee, eneo lenu linaishia wapi?" mpimaji alimuuliza.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la muuza nyama tu. Aliwaza wateja. "Linaishia mtaroni," alijibu. "Ng'ambo kule wananunua kwa mwenzangu." Mdogo wake hakumpitia kichwani hata kidogo, maana ndugu si mteja, anachukua bure. Mpimaji akachora mstari, Paja akamfungia figo mbili za zawadi, na jioni alimsimulia mkewe jinsi serikali ilivyomtaka ushauri.

Utasema mstari kwenye karatasi haumchubui mtu. Zamani aliyetaka ubunge ilimbidi aombe kura pande zote mbili za mtaro, kwa hiyo alichunga ulimi. Akiwatukana wa huku, alizikosa kura za kule. Baada ya kugawanywa, kila mgombea alibaki na watu wake peke yake, na kati ya wagombea wa upande mmoja aliyeshinda ni yule aliyepiga kelele zaidi. Wa upande wa Paja aligundua maneno manne yaliyompandisha juu: wapiga kura wa kuletwa. Alisema watu wa ng'ambo wanajipenyeza kujiandikisha huku ili waibe kiti. Mwongo mkubwa yule, na watu wazima wenye akili zao wakamshangilia.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kura, Paja hakwenda kunyolewa. Daraja lilikuwa na vijana wenye marungu tangu alfajiri. Saa tatu walifika buchani, kama arobaini, jiwe likiwatangulia dirishani.

"Paja, tupe vyuma," kiongozi wao alisema.

"Vya nini?"

"Vya kulinda daraja. Au na wewe ni wa kuletwa?"

Mkewe alimvuta shati kwa nyuma. "Waambie umeviuza," alinong'ona. Paja alitazama vioo sakafuni, akatazama uso wa yule kijana, akaogopa. Alitoa visu vyote. Shoka alilitoa la mwisho, akilitanguliza mpini, kwa adabu, jinsi mtu anavyomkabidhi mwenzake kifaa. Kisha alifunga mlango akakaa juu ya gogo la kukatia nyama.

Kinyozi, huko kwake, alipoona kaka yake haji, alitia wembe na brashi kwenye mkoba akaamua kumfuata amnyoe huko huko. Walimkamata katikati ya daraja. Walipoukuta wembe walisema amekuja kuchinja watu. Walimpiga rungu la meno, wakamlaza, wakauweka mkono wake wa kulia juu ya ubao wa daraja, wakaukata juu kidogo ya kifundo. Watu wawili waliojaribu kumtetea walitupwa mtaroni wakiwa bado wanapumua, na vijana wakawakanyaga vichwa hadi maji yakatulia.

Habari zilipomfikia, Paja alimbeba mdogo wake kwa mkokoteni wa nyama mpaka zahanati. Muuguzi alipofunua kitambaa, Paja aliuona mfupa. Katikati ya mkato palikuwa na mstari mwembamba ulioinuka. Alitoka nje akaanza kuosha damu kwenye mkokoteni.

Wagombea wa pande zote mbili walishinda kwa kishindo. Hakukamatwa mtu. Shoka lilirudishwa, limeoshwa, likaegemezwa mlangoni, na Paja akalitupa mtaroni. Tangu siku ile aliuza steki tu. Wateja walipolalamika kukosa mifupa ya supu, aliwaambia waende kwingine.

Kinyozi alijifunza kushika wembe kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa nane alifungua tena kibanda chake, na Jumamosi ya kwanza Paja akavuka.

"Inua kidevu, kaka."

Shavu moja lilinyolewa polepole, kwa shida. Wembe ulipofika kooni, Paja alishindwa kuvumilia.

"Mdogo wangu, lile shoka lilikuwa langu. Na mpaka niliwaonyesha mimi."

Wembe ulisimama. "Najua la shoka," kinyozi alisema. "Nimekula mifupa yako tangu naoa. Nimeuona mstari wako kila walipobadilisha bandeji."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Wembe haukuondoka. "Walilichukua, au uliwapa?"

Angeweza kudanganya. Watu arobaini, dirisha limevunjwa, nani angebisha?

"Niliwapa," Paja alisema. "Kwa mpini."

Wembe uliteleza na ngozi ikachanika chini ya taya. Damu ilishuka hadi kwenye kola. Mwishowe kinyozi alifuta wembe kwenye suruali yake, akaukunja kwa meno, akauweka mezani.

"Upande huu nimemaliza," alisema. "Huo mwingine kanyolewe kwenu."

Paja alivuka daraja na nusu ya ndevu zake, sabuni ikimkaukia shavuni. Vijana waliokaa pale walimcheka, na mmoja wao akamuuliza lini ataanza tena kuuza mifupa.