Mhojiwa Namba Arobaini na Moja

Ofisini walimwita Sikio. Jina hilo alipewa na Profesa mwenyewe, mwaka ule ule alipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa uhamaji, na alilipokea bila kinyongo kwa sababu lilikuwa la kweli. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa mahakamani, akiandika maneno ya mashahidi wanaonong'ona, wanaolia, wanaodanganya huku wameziba mdomo kwa kiganja. Walipomkabidhi kompyuta, hedifoni na pedali ya mguuni ya kusimamishia sauti, aliona kazi ni ileile, ila hapa hakuna wa kuhukumiwa.

Watafiti wa kituo walisafiri nchi za mbali, wakawatafuta watu waliohama kutoka kwetu, wakakaa nao vyumbani mwao au kwenye mikahawa yenye kelele za vikombe, wakawarekodi wakisimulia waliondokaje na wanaishije. Sauti zikatumwa. Sikio akazisikiliza na kuandika kila neno, kila kikohozi, kila kimya kirefu. Profesa akasoma alichoandika Sikio, naye akaandika vitabu. Kwa miaka kumi na mitatu Profesa aliitwa bingwa wa uhamaji. Mawaziri walimpigia simu, watangazaji walimpigia simu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikiliza mahojiano hata mamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kuna mwaka msaidizi mmoja aliandika kwamba vijana tisa walizama wakielekea ng'ambo. Sikio alirudia sauti mara mbili, akapanda ghorofa ya tatu na karatasi mkononi.

"Profesa, hawa hawakuzama. Walizamia. Walijificha melini bila tiketi. Wote wako hai, na wawili kati yao ndio waliohojiwa."

Profesa alicheka hadi akavua miwani. Mwaka mwingine Sikio alimweleza kwamba mtu akisema "nilijilipua" hajafunga bomu kiunoni. Amejisalimisha kwa serikali ya watu akaomba hifadhi, mara nyingi kwa jina lisilo lake. Baada ya miezi michache alimsikia Profesa redioni akilifafanua neno hilo kwa sauti ya mtu aliyelichimbua kwa mikono yake. Siku ile Sikio hakukasirika. Alimwambia mama yake, "Msikilize, hayo yametoka kichwani kwangu," na mama akaongeza sauti ya redio.

Nyumbani walikuwa wanne: Sikio, mama yake, wifi yake, na binti wa wifi aliyekuwa na miaka kumi. Kaka yake Sikio, mume wa wifi, aliondoka binti akiwa bado anatambaa. Mama aliuza cherehani yake ya kazi ili mwanawe apate nauli. Baada ya miezi mitano, mtu aliyekuwa safari moja naye alipiga simu akasema gari lao lilipinduka jangwani, waliokufa walifukiwa palepale, na kaka alikuwa mmoja wao. Wakaweka msiba bila maiti. Wifi alibaki pale pale kwa mama mkwe wake, akawa muuzaji kwenye duka la vifaa vya shule la mtu mwingine, akamlea mtoto.

Mwaka wa tisa tangu kaka aondoke, mwokaji mikate wa mtaa wa pili, mgane mwenye maneno machache, alimposa. Wifi alikataa mara ya kwanza kwa aibu, mara ya pili akakubali. Mama mkwe naye akabariki. Wakaenda mahakamani kuulizia taratibu, na karani akawaambia, "Lete cheti cha kifo au lete talaka."

Vyote viwili hakuwa navyo. Wifi akauliza, "Kwa hiyo mimi ni nini?"

"Wewe ni mke wa mtu," karani akasema, akaita anayefuata.

Mwokaji alisema atasubiri. Mwaka mzima ulipita akisubiri.

Sasa ikawa Jumanne asubuhi. Sikio alifungua faili la mhojiwa namba arobaini na moja, akavaa hedifoni, akakanyaga pedali. Mwanamume aliyehojiwa alisema anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, zamu ya asubuhi. Akakohoa kikohozi kifupi, cha mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Mkono wa Sikio ukasimama juu ya vitufe. Akajiambia kukohoa ni kukohoa tu, akaendelea kuandika.

Dakika ya ishirini na sita mtafiti, msichana mpole wa sauti, aliuliza nauli ilitoka wapi.

"Mama aliuza cherehani," akasema yule mwanamume. "Singa nyeusi, ya mguu. Alikuwa ameibandika picha ya ua kwa pembeni ili kuficha mkwaruzo."

Mkwaruzo ule aliuweka Sikio mwenyewe kwa msumari, akiwa na miaka saba. Alichapwa kwa ajili yake.

Aliandika sentensi ile yote hadi nukta. Ndivyo mikono yake ilivyozoea. Kisha akasikiliza mengine bila kuandika. Kaka alieleza kwamba gari kweli lilipinduka, yeye akatoka na mkono uliovunjika, na alipopata simu miezi baadaye akakuta habari za kifo chake zimeshafika nyumbani. Akaona aache hivyo. Sasa ana mwanamke na watoto wawili.

"Huwa hufikirii kuwapigia?" msichana akauliza.

"Niwapigie niwaambie nini? Wataanza kusubiri vitu ambavyo sina. Afadhali wajue nimekufa. Marehemu haombwi kitu."

Sikio alivua hedifoni. Alikwenda chooni, akafungua bomba, akanawa uso. Aliporudi mwenzake wa meza ya jirani alimwuliza kama anaumwa, akasema ndiyo.

Siku ya pili alipanda kwa Profesa na kumweleza yote, waziwazi, kama shahidi. Profesa alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akammiminia maji.

"Pole sana," alisema. "Lakini unajua ulichotia saini. Tuliwaahidi hawa watu usiri. Tukivunja ahadi kwa mmoja, kesho hakuna atakayezungumza nasi."

"Sitaki avunjiwe. Naomba mtafiti wako amwulize tu. Amwambie dada yake amesikia. Amwombe talaka ya mkewe. Akikataa, amekataa."

"Hilo nalo lina utaratibu. Kuna kamati ya maadili. Baada ya mhadhara wangu nitaliangalia." Kisha macho yakamng'aa. "Ila yale maneno yake, yale ya mwisho. Nimeyasoma kwenye rasimu yako. Ndiyo yanayobeba sura yote ya tatu. Miaka mingi nimetafuta mtu wa kulisema jambo hili hivyo."

"Nilikuwa sijayaandika," Sikio akasema.

"Mwenzako alimalizia jana ulipoumwa."

Sikio alishuka ngazi akiwa amekunja ngumi mifukoni. Alichokasirikia zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa na haki kuhusu ahadi. Angekuwa amekosea kabisa, hasira ingepata pa kutua. Sasa ilihamahama: mara kwa Profesa, mara kwa kaka, mara kwake mwenyewe, aliyekula meza moja na wifi jana yake jioni akapitisha chumvi na kusema kazi ni nzuri tu.

Siku ya kumi na moja tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kituo, kwa herufi kubwa: AFADHALI WAJUE NIMEKUFA. Chini yake, mhadhara wa wazi wa Profesa kuhusu wahamaji wanaokata mawasiliano, watu wote mnakaribishwa. Sikio alisimama mbele ya karatasi ile mpaka mlinzi akamwomba asogee watu wapite. Hakuingia ndani. Aligeuka akarudi nyumbani.

Alimkuta wifi uani akianika nguo. Alimwambia akiwa amesimama, kibegi bado begani. Wifi alisikiliza huku ameshika gauni la shule la binti yake, maji yakimchuruzikia miguuni.

"Umejua lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Leo ni siku ya kumi na moja." Wifi aliliweka gauni kwenye beseni polepole. "Siku kumi na moja unanitazama nikila."

"Wifi, nilitia saini."

"Mimi nilitia saini nini? Niambie. Mimi nilitia saini wapi?"

Hakupiga kelele. Sikio angependa apige. Wifi aliingia ndani, akabadili nguo, akavaa viatu vyake vya kwendea mahakamani, akauliza kituo kiko wapi hasa na Profesa yuko chumba gani. Sikio akamwelekeza, kisha akamfuata, kwa kuwa asingeweza kubaki pale na beseni.

Katibu wa Profesa alisema bwana yuko kikaoni. Wifi akajibu kwamba amengoja miaka kumi, kikao si kitu, akakaa. Baada ya saa moja Profesa mwenyewe alitoka kwenda kunywa chai, akawakuta.

"Mimi ni mke wa mtu wako wa namba arobaini na moja," wifi akasema.

Profesa alimtazama Sikio, shingo ikamwiva. "Mama, siwezi hata kuthibitisha kama mtu huyo yumo kwenye utafiti wetu."

"Maneno yake umeyabandika mlangoni."

"Hayana jina."

"Mimi ndiyo nina jina, na nimeitwa mjane nalo miaka kumi. Sijakuomba anwani. Sitaki hata nchi uniambie. Wewe una mtu wako anayejua anakolala mume wangu. Amwulize neno moja, ananiacha au haniachi. Kama wewe ni bingwa wa watu wanaoondoka, basi kuna na waliobaki. Umewahi kumhoji hata mmoja?"

Watu wawili walikuwa wameshatoa vichwa milangoni. Profesa alisema taratibu, kwa sauti ya chini, kwamba ataandika barua pepe.

Aliandika. Yule msichana aliyefanya mahojiano alikwenda kiwandani kesho yake zamu ilipotoka, akamwuliza, akaleta jibu. Ilichukua siku mbili. Sikio alizihesabu tena. Kwa neno "utaratibu" yeye alikuwa amefikiria miezi.

Jibu la kaka lilikuja na mambo matatu. Karatasi ya talaka, iliyotiwa saini mbele ya ofisa wa huko. Ujumbe wa sauti kwa mama. Na ombi kwamba maneno yake yote yaondolewe kwenye utafiti, kama fomu ya ridhaa inavyomruhusu. Alikuwa amedanganywa na ahadi, alisema, kwa sababu ndugu zake wamemsikia. Hapo hakukosea.

Tangazo lilibanduliwa. Profesa alimwita Sikio ghorofani, na safari hii hakumpa kiti wala maji.

"Miaka minne ya kazi," akasema. "Umeniharibia sura."

"Sura ipi, Profesa?"

Alimkazia macho, na Sikio hakuinamisha yake. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule. Haukuhuishwa, na kwenye barua waliandika kwamba amevunja usiri. Hakubisha. Ni kweli aliuvunja. Alichokataa ni kutia saini mstari uliosema anajutia. Alimrudishia ofisa utumishi karatasi na mstari ule umekatwa kwa kalamu, na pembeni ameandika: "Hili sijalisema."

Mama aliambiwa Jumapili, wote wakiwepo. Aliuliza kama mwanawe bado anakohoa. Sikio akasema bado. Mama akalia kidogo, kilio cha kushukuru, halafu kilio kikamkauka usoni.

"Nimemwombea alale pema miaka kumi," akasema. "Kila siku. Na yeye alikuwa anafua mashuka."

Wifi alimsogezea simu asikilize ujumbe wa sauti. Mama aliisukuma nyuma kwa ncha ya kidole, kama sahani ya chakula kilichochacha. Hajausikiliza mpaka leo.

Wifi hakusema na Sikio kwa majuma matatu isipokuwa mambo ya lazima, nani amefunga mlango, mtoto amekula. Kisha siku moja akamtupia kitambaa mapajani, akamwambia amshonee ukosi kwa sababu shughuli ni Jumamosi ijayo. Hayo ndiyo yalikuwa maridhiano yao. Aliolewa na mwokaji kulekule mahakamani, karani akiwa yuleyule, na hakuwakumbuka.

Kitabu cha Profesa kilitoka mwaka uliofuata, sura ya tatu ikiwa na kichwa kingine. Mwenzake Sikio wa zamani alimwonyesha ukurasa wa shukrani: walitajwa wafadhili, wasomi wenzake, mke wake, na "wanukuzi wetu". Kwenye ukurasa wa mia mbili na nne, neno "kuzamia" lilikuwa limeelezwa vibaya. Sikio aliliona, akafunga kitabu, akamrudishia mwenye nacho. Siku hizi anaandika kumbukumbu za vikao vya halmashauri. Huko wajumbe husema ovyo, na yeye huandika walichosema, si walichodhani wamesema, jambo ambalo limeshamletea ugomvi mara mbili.

Kaka hupiga simu siku za mapumziko. Binti yake huzungumza naye dakika chache kwa adabu, kama na mwalimu wa shule nyingine. Sikio alizungumza naye mara moja. Alimweleza yote aliyotaka kumweleza, ilichukua nusu saa, na kaka alikuwa na la kusema lakini hakupewa nafasi. Tangu hapo simu ikilia, yeye humpa mtoto.