Jina la Mama Ansbert

Kuna kitabu kimoja cha tamthilia ambacho sitakitaja hapa, nisije nikakitafutia mnunuzi. Wanafunzi wa sekondari wanakisoma nchi nzima, na ndani yake yumo mwanamke anayewanyang'anya yatima wa kaka yake nyumba, anawafukuza usiku na mvua inanyesha, kisha anaumbuka mbele ya kijiji kizima. Mwanamke huyo anaitwa Clotilda. Mwandishi angeweza kumpa jina lolote, majina yamejaa duniani. Alichagua hilo, akalipwa chake, akaenda zake nyumbani.

Sasa mimi nina jirani yangu hapa Kariakoo, naye ni Clotilda. Anauza sare za shule. Mimi nauza zipu, vifungo na nyuzi, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tuliouondoa ubao mmoja ili tupitishiane chai. Mimi ni wa Lindi, yeye ni wa Kibosho. Tulianza wote kwa kutandaza bidhaa chini kando ya barabara, tukafukuzwa na mgambo pamoja, tukapata fremu za maduka pamoja. Nataka kueleza alivyofanyiwa, kwa sababu yeye mwenyewe hatasema, na mimi kunyamaza sijawahi kuweza.

Kwao jina lina njia yake. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Clotilda alipewa la bibi yake, mwanamke aliyekuwa akishusha ndizi kichwani mpaka sokoni Moshi na kupanda mlima na chumvi, na ambaye kwake hakuna mgeni aliyewahi kulala njaa. Kwa hiyo alikua kwa heshima. Ananiambia hata baba yake alishindwa kumchapa, maana ingekuwa kama anamchapa mama yake mzazi.

Kisha akaolewa, akamzaa Ansbert, jina likaishia hapo. Wanawake wenzangu mnaelewa. Ukishazaa, wewe ni Mama Fulani mpaka kaburini. Majirani, wanajumuiya wenzake wa kanisani, hata marehemu mumewe, wote walimwita Mama Ansbert. Mimi tu ndiye niliyebaki kumwita Clotilda, kwa kuwa nilimjua kabla hajawa mama wa mtu. Na hakuzaa mwingine.

"Ngoja Ansbert aoe, Mboni," alikuwa akiniambia huku anakunja mashati. "Nikipata mjukuu wa kike, nitalisikia tena jina langu likiitwa uani."

Alilisema mara nyingi mpaka nikawa namtania kwamba anamsubiri mjukuu kuliko mbinguni. Hakubisha. Hakuna kitu kingine alichokitaka kwa mwanawe.

Kile kitabu kilipoingia mashuleni, siku ya kwanza tulicheka. Alikuja binti mmoja na mama yake kununua sketi. Akasoma kibao juu ya mlango, "Clotilda Sare za Shule", akajiziba mdomo. Mama yake akamuuliza kuna nini. "Mama, Clotilda! Yule aliyewadhulumu yatima!" Clotilda alicheka mpaka machozi, akampa yule binti soksi za bure.

Mwaka uliofuata hakucheka. Wanafunzi walikuwa wanashuka kwenye mabasi ya mwendokasi pale Gerezani, wanakuja kwa makundi, wanajipiga picha chini ya kibao, wanaondoka bila kununua hata tai. Wenye maduka wakaudaka mchezo. Mtu akimkatalia mwenzake kitu, anaambiwa, "Acha uklotilda wewe!" Mpaka wabeba mizigo ambao hawajawahi kushika hicho kitabu wakawa wanalitumia. Na huyu ndiye mwanamke aliyewachukua watoto wa kaka yake Zakayo alipofariki, akawalisha na kuwasomesha kwa mashati hayo hayo, na mmoja leo ni nesi. Nilitamani nikutane na huyo mwandishi nimuulize alikosewa nini na jina la watu.

Ansbert akamshauri mama yake afute kibao. Alikataa.

"Hili ni jina la bibi yangu," alisema. "Yeye alitangulia. Kitabu kimemkuta."

Ansbert alimwoa Victoria, mwalimu wa Kiswahili, binti wa watu mwenye adabu, sina ugomvi naye. Mwaka huu akajifungua mtoto wa kike. Clotilda alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata malaria ilipomlaza, akahamia Ilala kwa mwanawe kumhudumia mzazi. Alimpikia mtori wa ndizi na nyama asubuhi na jioni. Alimkanda kwa maji ya moto, akafua nepi kwa mikono na mashine ipo. Kila nilipompigia simu nilimuuliza, "Wameshalitaja?"

"Bado. Wanamwita Beibi tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua zawadi yake imefichwa kabati gani. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na mimi nikauacha wa kwangu moyoni.

Aliporudi dukani, Ansbert alimfuata. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama yake, na sikuondoka. Akaniamkia, "Shikamoo mama mdogo," nikaitikia, akashika shati moja la shule akawa analigeuza geuza kama mteja.

"Mama, ni kuhusu jina," alisema. "Mimi na Vicky tumefikiria sana."

"Mnafikiria nini tena? Jina si lipo?"

"Lipo, mama. Ila Vicky anakifundisha kile kitabu. Anasahihisha na mitihani yake. Linakuja swali, 'Jadili ukatili wa Clotilda,' darasa zima linajaza kurasa. Sasa siku mtoto wetu yupo darasani, swali hilo linasomwa, yeye atajificha wapi?"

"Ajifiche kwa nini? Atakaa kwenye kiti chake."

"Watoto hawana huruma, mama. Watammaliza."

"Mimi wamenimaliza?"

Ansbert akalikunja lile shati, vibaya. Halafu akasema wamepata njia ya katikati. Mama yake alichukua jina la Angelina kwenye kipaimara; basi mtoto aitwe hilo, na bado atakuwa amerithi kwa bibi yake. Alilitoa kwa furaha, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Angelina nililichagua nikiwa darasa la sita, kwa sababu rafiki yangu naye alilichagua," Clotilda alimjibu. "Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Huyo Angelina hakukuzaa, wala hakukimbizwa na mgambo ukiwa mgongoni kwake. Simjui."

"Basi, kama Angelina hulitaki, tutatafuta lingine. Tuelewe tu, mama."

"Nimewaelewa."

Nikashindwa kuvumilia. "Ansbert," nikamwambia, "hicho kitabu kesho kutwa watakiondoa, wataleta kingine. Jina la mama yako nani atalirudisha?"

Alinitazama kwa heshima, ile heshima ya kumwambia mtu kwamba haya hayakuhusu. "Mama mdogo, tumeshaamua."

Sitaki kumwonea. Hoja yake ina uzito, na mzazi gani anapenda mwanawe achekwe? Lakini iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Kijana alikula, akavaa, akasoma mpaka chuo kikuu kwa jina lililoandikwa juu ya mlango ule, halafu akaliona halifai kwa mwanawe. Clotilda hakulia. Alilichukua lile shati, akalikunja upya.

Mtoto akabatizwa Nice. Sherehe ilifanyika Ilala, kwenye ukumbi mdogo jirani na kwa Ansbert, na ndugu walikuja kutoka Kibosho. Clotilda aliniweka meza yake. Chakula kilikuwa hakijagawiwa aliposimama wifi yake, Jovitha, dada wa marehemu mumewe, ambaye kwenye ukoo huo mila zote ziko mikononi mwake.

"Nauliza," alisema Jovitha. "Huyu Nice ni nani kwetu? Binti wa kwanza wa Ansbert, mbona hana jina la mama yake Ansbert? Nani kamruka mwenzake hapa?"

Muziki ulikuwa umezimwa. Victoria akainamisha uso juu ya mtoto. Kila mtu pale alijua jibu lingeenda wapi: ingesemwa mke msomi kamdharau mkwe wake, wazee wangemkalisha chini Ansbert, na Victoria asingepanda tena Kibosho kwa amani.

Clotilda alisimama.

"Msiwaulize watoto," alisema. "Waliniomba jina, mimi ndiye niliyewanyima."

Nilifungua mdomo. Akanikanyaga mguu chini ya meza, na alinikanyaga kwa nguvu zake zote.

"Umewanyima?" Jovitha akamgeukia. "Mjukuu wako wa kwanza, kwa mwanao wa pekee, unamnyima jina? Kwa nini?"

"Basi tu, wifi. Sikujisikia."

"Una roho gani wewe?"

Wazee wakaguna. Mzee mmoja akasema hajawahi kusikia bibi mchoyo wa jina tangu azaliwe. Ndipo kutoka meza ya vijana, wala si kwa kunong'ona, mtu akasema, "Mnashangaa nini sasa? Si ndiye Clotilda mwenyewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata wazee ambao hawajui hicho kitabu ni rangi gani walicheka kwa kuwa wenzao wanacheka. Clotilda alikaa, akaweka mikono mapajani.

Nikamtafuta Ansbert kwa macho. Alikuwa amesimama mbele na kisu, mbuzi wa ndafu, aliyechomwa mzima, yuko mezani pake, na watu wote walikuwa wanamwona. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alicheka pamoja nao, akaendelea kukata nyama.