Siku Niliyoshika Kichwa cha Mkwe Wangu

Siku ya kwanza ya hiyo kazi nilidhani wanaua mtu.

Nilikuwa nafua mashuka kwa hospitali ndogo pale Busia, kibarua tu, povu mpaka kwa kiwiko. Landrova ikaingia na vumbi yake, akashuka daktari mwembamba, mtu wa Pwani, Kiswahili yake imenyooka kama imepigwa pasi. Sisi tulimwita Daktari wa Tumbo. Msaidizi wake alikuwa amebaki Kisumu na malaria. Daktari akatuangalia sisi wafuaji mmoja mmoja, akanionyesha mimi.

"Bibi, wewe mwenye viganja vipana. Hebu njoo unishikie kichwa."

Kichwa? Cha nani? Nikajipangusa mikono kwa leso, nikamfuata.

Chumba ilikuwa giza, wamefunika madirisha na blanketi. Mzee mmoja amelala kwa meza, ubavu wa kushoto, ameuma kipande ya plastiki iko na shimo katikati. Hiyo ni ya kuzuia asiume bomba. Na bomba yenyewe, wee! Nyeusi, ndefu, inapinda kichwa kama nyoka imesikia mtu. Daktari akaiingiza kwa ile shimo, akasukuma. Ikaenda. Ikaenda. Ikaendelea kwenda! Mayi! Nilipiga nduru kuliko mgonjwa.

"Taratibu, bibi," daktari akasema, jicho yake iko kwa upande ile ingine ya bomba, kama mtu anachungulia jirani kwa tundu ya kufuli. "Mgonjwa ni yeye, si wewe."

Halafu tumbo ya mzee ikawaka. Naapa mbele ya Mungu. Kwa giza ile ngozi ya tumbo ikang'aa nyekundu, kama taa ya koroboi ndani ya kibuyu. Nikataka kukimbia. Daktari hata hakuinua jicho.

"Usikiachilie kichwa! Ukikiachilia atageuka, na akigeuka bomba litampasua koo, nasi tutamzika. Mpaka nitakapolitoa lote, kichwa hakiachiliwi. Umenisikia?"

Nikasikia. Nikashika. Mpaka leo, nikibeba mtungi ya maji, hiyo sauti iko kwa masikio.

Baadaye alinielezea. Ndani ya bomba kuna nyuzi za kioo, nyembamba kuliko nywele ya mtoto, nyingi sana. Zingine zinapeleka taa chini, zingine zinarudisha picha juu. Alikuwa na kadude ka pembeni, ka mtu wa pili kuchungulia, akaniruhusu. Nikaona tumbo ya binadamu anapumua. Nyekundu, inameremeta, imekunjana kama kitambaa haijapigwa pasi. Nilikaa chini kwa sakafu. Nilikuwa nimezaa watoto, nimechinja ng'ombe na wanaume, lakini hiyo hapana.

Ndio hivyo nikawa mtu wa bomba. Kontrakti yangu ilikuwa ya msimu, si ya kudumu; ikiisha wanaleta karatasi ingine, naweka kidole gumba kwa wino, nabebwa kwa Landrova. Kazi yangu ilikuwa kuosha bomba kwa sabuni na ile dawa inachoma macho, kukanyaga pampu ya kunyonya mate, na kushika kichwa. Mate ya watu wa hii wilaya nimepangusa mimi.

Tulienda Amukura, tulienda Butula. Kule Osieko kwa wavuvi, siku moja daktari alisimamisha bomba, akaniita nichungulie. Mnyoo! Mweupe, mnene, mzima, anageuza kichwa kuangalia taa, kama mwenye nyumba amesumbuliwa na mgeni. Sikula tambi mwaka mzima.

Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa mdomo. Mtu akilala pale, koo imepuliziwa dawa ya ganzi, sindano ya usingizi imemlegeza nusu, bado anaogopa. Kwa hivyo naongea. Naiga chifu wa kwetu akihutubia baraza: "Nyinyi watu! Nasema hivi! Nasema tena!" Naiga yule mama wa dagaa akigombana na mteja. Naiga daktari mwenyewe: "Taratibu, bibi." Mgonjwa anasahau koo, anataka kucheka, na bomba inapita.

Malaba ndio kulikuwa na Sista, mkubwa wa kliniki, mzungu mnene wa misheni. Huyo sasa! Anatembea kwa wodi na viatu vinalia, ananiambia, "Mama Taaka, wewe ongea mingi sana. Hapa hospitali, hapana sinema." Akigeuka tu, mimi namwiga nyuma, wauguzi wanauma mashuka wasicheke.

Sasa nyinyi watoto wa hospitali mnaniandikia haya maneno, sikilizeni ya kuku.

Msichana wangu Nafula alikuwa ameolewa na Wandera, kijana wa kubeba magunia pale Malaba. Siku hizo kahawa ilikuwa inavuka kutoka Uganda kama maji, usiulize ilivuka aje, na Wandera alikuwa na mabega. Nafula akapata mimba. Wandera akaja kwetu kula, vile mkwe anakuja. Nikamchinjia jogoo.

Nyinyi vijana mnasalimiana na mama mkwe wenu kwa mkono, mnakaa kochi moja, sijui hata mnapiga picha. Sisi, mkwe ni heshima. Haniguzi, simguzi. Akipita njia hii mimi naingia kwa mahindi. Tukigusana, wazee walisema, mtoto atakayezaliwa atatetemeka mikono maisha yake yote. Kwa hivyo yeye alikula kwa nyumba kubwa na wazee, mimi niko jikoni nachungulia kwa ufa. Sahani ikarudi. Mke mwenzangu akaiangalia, akaiinua kwa mwanga.

"Taaka! Mifupa iko wapi?"

Hakuna. Mingine ilitafunwa, sawa, lakini hata ile ya kidari, ile ya panda, haikuwa. Tukacheka mpaka moshi ikatutoa machozi. "Umepata mkwe ama umepata fisi?"

Hatukujua. Kijana alikuwa amepata mfupa kwa koo, na wazee wa mke wamemkazia macho. Ateme? Mbele ya wakwe? Afadhali kufa. Akameza.

Muda kidogo baadaye tulikuwa Malaba. Jenereta inanguruma nje, mimi niko nyuma naosha bomba, nikaitwa. Kwa giza nikakuta mtu tayari amelala, amefungwa kitambaa kutoka kidevu mpaka utosi, kama mtu anaumwa na meno. Jina lake iko kwa kadi, na mimi kadi sisomi. Daktari akaniambia kwa kifupi: huyu ana kitu imekwama kwa koo, hata uji inapita kwa shida, na kikitoboa, kifua itaoza ndani, tutampoteza. Leo bomba inashuka na koleo ndogo ya kukamata.

Nikashika kichwa. Bomba ikaingia. Na mimi kama kawaida nikaanza, sauti yangu mwenyewe: "Pole baba, lala tu, hapa ni kwenu..."

Yule mtu akaruka!

Macho yamemtoka, mikono inasukuma meza, anataka kuamka na bomba iko kwa koo, na analia kwa ile plastiki, "Aaaa! Aaaa!" Kitambaa ikateleza. Nikamwona. Wandera! Mkwe wangu! Kichwa yake iko kwa viganja vyangu, mate yake iko kwa vidole vyangu! Mwili wote ukaniwaka moto halafu baridi.  Nikasikia mikono yenyewe inataka kufunguka.

"Kichwa!" daktari akapiga kelele, na huyo mtu wa Pwani hajawahi kupiga kelele. "Koleo limeshashika! Kichwa, bibi!"

Nikiachilia, Nafula ni mjane na mimba. Nikishika, mjukuu anatetemeka. Na vile naendelea kuongea, ndio anazidi kuruka, kwa sababu ni sauti yangu imemshtua, si bomba.

Nikavuta taulo, nikaiweka kati ya mkono na kichwa yake, ngozi isiguse ngozi tena. Ingine nikamfunika macho. Mimi mwenyewe nikafumba yangu. Halafu nikafungua mdomo, na ikatoka sauti ya Sista.

"Wewe lala! Kwa nini ruka kama mbuzi? Mama Taaka mimi nimetoa nje! Yeye ongea mingi sana! Sasa ni mimi tu iko hapa. Lala!"

Kichwa ikawa nzito. Akalala. Akashusha pumzi ndefu kwa pua, kama ng'ombe amefunguliwa nira.

Nikafungua jicho moja. Kwa mlango amesimama Sista mwenyewe, sinia ya sindano mkononi, mdomo wazi. Anasikia sauti yake inaongea na yeye hajaongea. Nikamtolea macho ya kumwomba. Nikaendelea, "Pole pole. Vizuri. Mtoto mzuri." Sista akafunga mdomo. Akaweka sinia chini bila mlio, akatoa vile viatu vyake, akaja miguu mitupu akasimama kando yangu, ndio mgonjwa akifungua macho akute mwenye sauti.

Daktari akavuta. Taratibu. Ikatoka bomba, ikatoka koleo, ikatoka mfupa wa panda na damu kidogo. Akauinua kwa taa.

"Loo! Kuku huyu kapikwa na nani?"

 Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda nikakaa kando ya jenereta, nikalia, na hakuna mtu angesikia.

Nafula alizaa msichana. Nilipoitwa, sikuangalia uso, niliangalia mikono. Nikavifungua vidole kimoja kimoja. Vimetulia kabisa. Nafula akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta pete.

Kazi yenyewe iliisha kwa bomba. Uzi wa kioo ukikatika, unaona doti nyeusi kwa picha. Zikakatika nyingi, ikawa kama kuchungulia kwa chujio. Daktari wa Tumbo akahamishwa, karatasi ya kidole gumba haikuja tena, nikarudi kwa mashuka mpaka mgongo ukakataa. Nyinyi watoto wa hospitali mnaniambia siku hizi tumbo inaonekana kwa televisheni. Sawa. Nani anashika kichwa?

Wandera alipona. Na kila Krismasi, miaka yote Sista alikuwa Malaba, alimpelekea jogoo. "Sista, ulinishika kama mzazi." Na Sista alikula! Alikula, akinipata ananiambia pole pole kwa sikio, "Mama Taaka, kuku yako ilikuwa tamu sana."

Sista alishaenda kwa Mungu. Wandera ana mvi, bado akiniona anaingia kwa mahindi. Sasa Nafula, wewe ndio utamsomea hii. Simama mbali kidogo, atashtuka. Mwambie, sasa anajua jogoo wa mwaka huu ni wa kuleta kwa nyumba gani, aache kwa mlango, nitampika mimi.

Na akikuta mfupa, ateme. Nitafumba macho.